Barua ya wazi kwa wakuu wa afya: mwanaume akivunjika mfupa msiishie kwenye plasta

Kwenu nyie mnaopanga sera za afya, waganga wafawidhi wa hospitali, mnaoandika miongozo ya matibabu, na nyie wa bima mnaoamua kipi kilipwe kipi kisilipwe. Heshima zenu wakubwa. Najua mna mafaili mengi mezani so naenda moja kwa moja kwenye hoja, ila naomba mnisome mpaka mwisho maana hili jambo likisomwa nusu linaonekana dogo.

Hoja yangu ni moja. Wanaume wenye mifupa iliyodhoofika, ugonjwa unaoitwa osteoporosisi, mnawaona kila siku, wamekaa kwenye mabenchi yenu, majina yao yako kwenye kompyuta zenu, ila mnawatibu kitu kingine halafu mnawaruhusu warudi nyumbani na mifupa ileile. Sijaja kuomba jengo wala wizara mpya. Naomba muwaangalie hao hao ambao wameshafika.

Tuanze na aliyevunjika. Mwanaume wa miaka 60 na kitu anateleza, anajikinga na mkono, mkono unavunjika pale kwenye kifundo. Anapigwa eksirei, anafungwa plasta, anapewa dawa za maumivu na tarehe ya kuja kutolewa plasta, kwenye faili inaandikwa ajali, basi. Hivi wakubwa, mtu kaanguka kutoka pale pale aliposimama, hajagongwa na gari, hajadondoka kwenye mti wala kwenye ngazi, na mfupa umevunjika, kweli hiyo mnaiandika ajali tu na kuendelea na mgonjwa anayefuata? Mfupa wenye afya unatakiwa uhimili anguko la hivyo. Ukishindwa, ujue kuna tatizo lilikuwepo kabla ya kuteleza, na kwa wengi hiyo ndo dalili ya kwanza kabisa, maana ugonjwa wenyewe wa mifupa kupungua ujazo hauumi, hauwashi, hauleti homa, mtu anatembea nao miaka na miaka na anajiona mzima wa afya.

Halafu kuvunjika kunarudi. Mtu aliyewahi kuvunjika namna hiyo uwezekano wake wa kuvunjika tena ni karibu mara mbili ya mwenzake wa umri huo ambaye hajawahi, na hatari kubwa zaidi iko kwenye ile miaka miwili ya mwanzo. Kwahiyo yule bwana mnayempa tarehe ya kutoa plasta ndo kwanza anaingia kwenye kipindi kibaya, na nyie ndo kwanza mnafunga faili lake.

Najua wapo watakaosema aah huo si ugonjwa wa kina mama. Ni kweli wanawake unawapata zaidi, sibishi. Makadirio yanayotumika duniani ni kwamba katika wanawake waliovuka miaka 50, mmoja kati ya watatu atavunjika mfupa kwasababu ya udhaifu huu katika maisha yake yaliyobaki, na kwa wanaume ni mmoja kati ya watano. Sasa kaeni kwenye kikao chochote cha bodi ya hospitali, hesabuni wanaume waliovuka 50 mezani, kila watano mmoja. Kwenye nyonga zinazovunjika, wanaume ni kama robo mpaka theluthi. Na hili ndo linaloniuma zaidi, mwanaume akivunjika nyonga anakufa kuliko mwanamke. Tafiti baada ya tafiti zinaonyesha hivyo, kwenye baadhi ya tafiti theluthi nzima ya wanaume hawafikishi mwaka tangu wavunjike. Wengi wanafika wodini wakiwa tayari na moyo mbovu au mapafu mabovu, wanalala muda mrefu, nimonia inaingia, damu inaganda, vidonda vya mgongoni, na kwenye cheti cha kifo mfupa hata hautajwi. Ndo maana kwenye takwimu zenu tatizo halionekani.

Hii tabia ya kulihesabu kama la kina mama ina historia yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 ndo liliweka ule mstari unaotumika mpaka leo kwenye kipimo cha DEXA, ile picha ya kupima ujazo wa mfupa, yaani ukipata namba ya -2.5 au chini ya hapo una osteoporosisi, na mstari huo ulichorwa kwa kuangalia wanawake waliokoma hedhi. Tafiti kubwa za dawa nazo zikafanywa kwa wanawake, wanaume wakawekwa baadaye kwenye tafiti ndogo ndogo. Sisemi mstari huo haufai kwetu, mwongozo wa kimataifa uliotoka 2024 mahsusi kwa wanaume unasema tupimwe kwa kulinganishwa na mifupa ya wanawake vijana vilevile kama wanavyopimwa wanawake wenyewe. Shida ni kwamba mashine nyingine zimesetiwa zilinganishe mwanaume na wanaume vijana, ambao mifupa yao ni mizito zaidi, so mtu yule yule anapimwa huku anaambiwa anaumwa, anapimwa kule anaambiwa bado. Hilo mnaweza kulimaliza kwa waraka wa ukurasa mmoja, chagueni kulinganisha kwa aina moja na mashine zote zifuate.

Mwanaume anaanza maisha na mtaji mzuri wa mfupa, mifupa yake ni mikubwa na ganda lake ni nene, na hana ile ghafla ya kukoma hedhi inayomshushia mwanamke homoni ndani ya muda mfupi. Anapoteza kidogo kidogo. Kwahiyo kuvunjika kunamjia akiwa na umri mkubwa zaidi, wakati mwili mzima umeshachoka, na labda ndo maana akianguka hainuki.

Hapo kwenye homoni nikae kidogo maana kuna biashara inaendelea. Watu wengi hata wahudumu wa afya wanaamini mfupa wa mwanaume unashikiliwa na testosteroni, ile homoni ya kiume, basi mzee akilegea apigwe testosteroni mifupa itakaza. Mwaka 1994 iliripotiwa habari ya mwanaume wa miaka 28, mrefu zaidi ya mita 2 na alikuwa bado anaendelea kurefuka, testosteroni yake ya kawaida kabisa, lakini mifupa yake imedhoofika kama ya mzee. Tatizo lake lilikuwa mwili wake hauwezi kuipokea estrojeni, ile inayoitwa homoni ya kike. Ndo ikaeleweka vizuri kwamba hata mwanaume mfupa wake unaitegemea sana estrojeni, ambayo mwili wake unaitengeneza kutoka kwenye hiyo hiyo testosteroni. Sasa songa mbele mpaka 2024, yakatoka majibu ya utafiti wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye testosteroni ya chini, nusu wakapewa jeli ya testosteroni nusu jeli feki. Waliopata ya kweli ndo waliovunjika zaidi, kama asilimia 3.5 dhidi ya 2.5. Hakuna aliyetegemea hivyo. Mwenye upungufu wa kweli atatibiwa upungufu wake kwa sababu nyingine ambazo daktari wake anazijua, lakini mifupa ipewe dawa ya mifupa. Nyie mnaotoa vibali vya matangazo mnaona kabisa kliniki zinauza testosteroni kwa maneno ya "mifupa imara" na mmenyamaza.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nikae niandike. Saratani ya tezi dume.

Zile sindano zinazozima homoni ni dawa nzuri, zimeongezea wanaume wengi sana maisha, mtu asije akasoma hapa akakataa sindano. Ila jinsi zinavyofanya kazi ni kwamba zinashusha testosteroni mpaka karibu na sifuri, na testosteroni ikishuka na estrojeni inashuka nayo, ile ile niliyoitaja juu. Mfupa wa mzee wa kawaida unapungua labda nusu asilimia mpaka moja kwa mwaka, wa aliye kwenye sindano hizi unaweza kupungua mara kadhaa ya hapo kwenye mwaka wa kwanza tu. Hii imejulikana miaka mingi, sio habari mpya, iko kwenye vitabu vya madaktari wenu wenyewe.

Kaka yangu mkubwa alikuwa kwenye sindano hizo. Kwenye saratani sina cha kuwalaumu, walimhudumia vizuri, PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikashuka, damu inachukuliwa kwa wakati, sindano kwa wakati. Mfupa haukutajwa hata siku moja. Baadaye mgongo ukaanza kumuuma, mara hawezi kuinama kufunga viatu, tukapiga picha tukaambiwa pingili za mgongo zimebonyea. Nyumbani kila mtu akajua saratani imefika mifupani, watu wakaanza kusafiri kuja kumuaga, wanae wanalia chooni ili asisikie. Vipimo vikaja kuonyesha saratani iko pale pale ilipokuwa, kilichobonyeza pingili ni mfupa uliopungua kwa dawa na hakuna mtu aliyekuwa anauangalia. Tulifurahi, halafu nikakasirika. Maana kila alipokwenda kuchomwa kulikuwa na faili, kuna nesi, kuna kompyuta, kuna daktari, kila kitu kilikuwepo isipokuwa mstari mmoja kwenye fomu unaouliza mifupa yake ikoje.

Na dawa ipo. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa wanaume zaidi ya 1,400 walio kwenye matibabu ya kuzima homoni, waliopata sindano ya denosumabu kila miezi sita, ndani ya miaka mitatu waliovunjika pingili walikuwa asilimia 1.5, wale wa sindano feki asilimia 3.9. Kwahiyo ombi langu hapa liko wazi, sindano ya kwanza ya kuzima homoni isiagizwe kwenye sistimu mpaka sehemu ya mifupa ijazwe: amepimwa au hajapimwa, amewahi kuvunjika au hapana, mpango ni nini. Kompyuta inayokataa kuendelea kama hujajaza namba ya simu ya mgonjwa inaweza pia kukataa kwa hili.

Dawa nyingine zinazokula mfupa kama sindano hizo ni steroidi. Prednisoloni inatumika kwenye pumu, baridi yabisi, magonjwa ya ngozi, figo, matumbo, ni dawa inayookoa watu, na inakula mfupa haraka mno, hatari ya kuvunjika inapanda ndani ya miezi mitatu mpaka sita ya kuanza. Madaktari wa baridi yabisi wa Marekani kwenye mwongozo wao wanasema mtu mzima yeyote atakayetumia hata miligramu 2.5 kwa siku kwa zaidi ya miezi mitatu apimwe hatari ya mifupa mapema. Angalieni hiyo dozi ilivyo ndogo. Famasia zenu zinajua nani anachukua prednisoloni kila mwezi, listi inaweza kutoka leo jioni. (Anayezitumia na anasoma hapa, usiziache ghafla kwa kuogopa mfupa, kuziacha ghafla kunaweza kukuua, kaongee na daktari wako.)

Nyingine nitazipitia mbio: pombe nyingi, sigara, dawa kadhaa za kifafa, tenofovir kwa wanaotumia dawa za VVU, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, figo, kisukari, waliokatwa sehemu ya tumbo la chakula, wembamba uliopitiliza, na baba au mama aliyewahi kuvunjika nyonga. Kwa wanaume, karibu nusu au zaidi ya wenye mifupa dhaifu wanakutwa na sababu ya namna hii nyuma yake, tofauti na wanawake ambao wengi ni umri na kukoma hedhi. Maana yake kumpa mwanaume kidonge bila kutafuta sababu ni kazi nusu. Kalsiamu ya damu, figo, ini, vitamini D, tezi, testosteroni, damu kamili, hivi ni vipimo vya kawaida, maabara zenu zinavifanya kila siku kwa mambo mengine.

Kuna watakaonijibu kwamba hata wakubwa wa nje hawajakubaliana kupima wanaume. Sawa, na niliseme mwenyewe kabla hamjalisema. Kile kikosi kazi cha Marekani kinachoshauri uchunguzi wa kinga kilirudia tena Januari 2025 kwamba ushahidi wa kupima wanaume wote wasio na dalili hautoshi kusema ndio wala hapana. Upande mwingine Endocrine Society, chama cha madaktari wa homoni, toka 2012 wanasema wanaume wa miaka 70 na kuendelea wapimwe, na wa 50 mpaka 69 kama wana sababu za hatari. Mimi sio daktari, siwezi kuwaamua. Ila mgogoro huo unahusu mwanaume asiye na lolote anayetembea zake barabarani. Haumhusu aliyevunjika kifundo, haumhusu aliye kwenye prednisoloni mwaka wa tatu, haumhusu kaka yangu. Kuutumia mjadala huo kama kisingizio cha kutowaangalia hawa ni kukwepa, na nadhani ndani ya mioyo yenu mnajua.

Jibu la pili nalolijua litakuja ni kwamba mashine za DEXA ni chache. Ni chache kweli sehemu nyingi. Lakini toka 2008 kuna FRAX, kikokotoo kilichotengenezwa chuo kikuu cha Sheffield, kinakubali wanaume na wanawake kuanzia miaka 40 mpaka 90, unajaza umri, uzito, urefu, kuvunjika kwa nyuma, wazazi, sigara, steroidi, pombe na kadhalika, kinakupa uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka 10, na kinafanya kazi hata bila namba ya DEXA. Na mwanaume mzee aliyevunjika nyonga au pingili kwa anguko dogo, ikishahakikishwa sio saratani wala kitu kingine, hahitaji kusubiri mashine ndo aambiwe mifupa yake ni dhaifu, ameshaonyesha.

Alafu kuna kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na kila kliniki inacho, ile rula ya ukutani ya kupimia urefu. Pingili nyingi zinazobonyea, kama theluthi mbili, hazigunduliki wakati zinapobonyea, mtu anasema mgongo umenishika anachua anaendelea na kazi. Kinachoonekana ni mzee kufupika. Suruali zinaanza kuburuza, mgongo unapinda, wajukuu wanamcheka. Mwanaume aliyepungua sentimeta 4 kutoka urefu wake wa ujana anatakiwa apigwe picha ya mgongo. Wazee wanapimwa presha kila wakija, wanapimwa uzito, urefu unaandikwa mara moja siku ya kufungua faili na hauguswi tena.

Tuje kwenye dawa, maana kuna kudhani kwamba kwa wanaume hakuna cha kuwapa. Alendroneti ilijaribiwa kwa wanaume na majibu yakatoka mwaka 2000, ikaongeza ujazo wa mfupa na pingili zilizovunjika zikapungua. Asidi ya zoledroniki, ile dripu ya mara moja kwa mwaka, 2012 ikatoka tafiti ya wanaume karibu 1,200, ndani ya miaka miwili waliopata pingili mpya zilizovunjika walikuwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.9 wa dripu feki. Na kabla ya hapo 2007 dripu hiyohiyo ilipewa watu waliotoka kufanyiwa operesheni ya nyonga, wake kwa waume, kuvunjika kupya kukapungua kwa asilimia 35 na vifo kwa asilimia 28. Vifo wakubwa. Hizi dawa zimeshakaa sokoni muda mrefu na zina matoleo yasiyo ya kampuni ya mwanzo. Ukiangalia wanaume wanaoruhusiwa baada ya nyonga kuvunjika, wanaoondoka na mojawapo ni wachache mno, na ni wachache kuliko wanawake.

Zina madhara, ndio. Alendroneti unameza asubuhi tumbo tupu na glasi nzima ya maji, unakaa wima nusu saa bila kulala wala kula, la sivyo inaunguza koo, na watu wanaacha kwasababu hakuna aliyewaelekeza vizuri. Mfupa wa taya kuharibika na paja kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida yapo, ni nadra, na meno yaangaliwe kabla ya kuanza. Kwa mtu mwenye hatari kubwa mizani inalalia upande wa kutumia. Mnachotakiwa kuogopa zaidi ni denosumabu kukatizwa. Ile sindano ikichelewa au ikiachwa bila kufuatiwa na dawa nyingine, mfupa unaporomoka kwa kasi na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa mkupuo. Kwahiyo msiianzishe mahali ambapo stoo inaweza kukaukiwa au bima inaweza kukata katikati. Nimesoma barua za bima za "tunasitisha mpaka tathmini mpya" na najiuliza aliyeandika anajua anachokifanya au anasaini tu.

Kalsiamu na vitamini D. Hapa ndo wengi mnajificha. Mgonjwa anapewa kichupa cha vidonge anaambiwa hivi ni vya mifupa, kila mtu anajisikia kazi imefanyika. Mwili unahitaji kalsiamu kweli, mwanaume mpaka miaka 70 kama miligramu 1,000 kwa siku kutoka vyanzo vyote, baada ya hapo 1,200, na mwenye upungufu wa vitamini D aongezewe, hasa kabla ya dripu. Lakini utafiti mkubwa wa 2022 uliofuatilia watu zaidi ya 25,000 wenye afya ya kawaida ulionyesha vitamini D ya ziada, yuniti 2,000 kwa siku, haikupunguza kuvunjika kabisa. Kwahiyo kile kichupa peke yake kwa mtu aliyeshavunjika nyonga si matibabu.

Mazoezi mnayatangaza sana ila mnayatangaza kwa ujumla mno, "fanya mazoezi" halafu picha ya mzee anatembea bustanini. Kutembea ni kuzuri kwa moyo. Mfupa unataka uzito na mshtuko kidogo, kunyanyua vitu vizito kwa kupanda taratibu, kuchuchumaa, kupanda ngazi, kuruka kwa anayeweza. Kuogelea na baiskeli haviupi mfupa mzigo wa kutosha, waendesha baiskeli wa mashindano wanajulikana kuwa na mifupa ya mgongo iliyo chini pamoja na mapafu yao ya chuma. Ambaye tayari pingili zimebonyea asijipeleke jim kuinama na chuma, apelekwe kwa fizio. Na usawa wa mwili, kusimama mguu mmoja na mambo kama hayo, maana nyonga nyingi zinavunjika kwa kuanguka na asiyeanguka mara nyingi havunjiki. Angalieni pia dawa mnazowapa, vidonge vya usingizi na vya presha vinavyomfanya mzee aone kizunguzungu akiamka usiku kwenda kukojoa, macho ambayo hayajapimwa, korido za wodi zenu wenyewe zisizo na taa wala mahali pa kushika.

Hamtakuwa wa kwanza. Glasgow walianza mwaka 1999 utaratibu ambao kila mtu aliyevuka 50 akija na mfupa uliovunjika, kuna nesi maalum ambaye kazi yake ni kumfuata, kumpima, kumwanzishia au kumwandikia daktari wake, na kupiga simu baadaye kuuliza bado unatumia. Mfano huo umesambaa nchi nyingi, na nchi zilizouiga zimeona kuvunjika kwa pili kunapungua. Kinachotakiwa ni mtu mmoja mwenye jina, mwenye simu na mwenye daftari. Nasema mwenye jina kwasababu nimeona ikiandikwa "jukumu la idara zote", na hapo ndo linakufa, daktari wa mifupa anasema mimi kazi yangu ni kuunga, daktari wa ndani anasema sikuletewa, daktari wa familia anasema sikupata ripoti.

Na kwenye mabango yenu ya tarehe 20 Oktoba, siku ya osteoporosisi duniani, wekeni na picha ya mwanaume. Kila mwaka ni bibi na fimbo. Mwanaume anapita anasoma anasema hainihusu, na kwa jinsi lilivyochorwa ana haki ya kusema hivyo.

Kitu cha kuanza nacho hakihitaji bajeti. Kila hospitali iliyo chini yenu ijibu swali hili: mwaka jana, wanaume wangapi waliovuka miaka 50 walilazwa kwa nyonga iliyovunjika, wangapi kati yao waliondoka na dawa ya mifupa au rufaa ya kupimwa, na wangapi walikuwa hai baada ya mwaka. Majibu mliyonayo yatoeni hadharani mwezi huu, yakiwa mazuri au mabaya. Na hospitali itakayosema haina hizo namba, ipewe daftari Jumatatu, safu tatu tu, na jina la atakayelijaza liandikwe kwenye jalada.